Shetani Hakunipitia, Nilikuwa Peke Yangu

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti mmoja anayesoma chuo. Nimemwomba ruhusa, kakubali niuweke ujumbe wake hapa bila jina: "Shikamoo mwalimu. Nimehama hosteli kwa ajili ya yule dada niliyekuambia. Nimefuta namba yake, nimetoka kwenye magrupu yote tuliyokuwa pamoja, hata status zake sizioni. Lakini nikisikia tu kafaulu, siku yangu imeharibika. Ni roho gani hii inanifuata? Niombee ikome."

Marahaba mwanangu. Kukuombea nitakuombea, ila hiyo roho sitaikemea, maana sidhani kama ipo. Yule dada umemwacha kule. Moyo umehama nao. Hiyo namba irudishe kwenye simu, na matokeo yakitoka, mpigie umpongeze kabla ya wengine. Ukishindwa kutoa sauti, niandikie kwamba umeshindwa, tuanzie hapo.

Nasema hivi nikijua ninachokisema, kwa sababu nimekuwa mwalimu wa kwaya.

Ambao hamkukulia kwenye kwaya mtacheka. Sisi tuliokulia humo tunajua kwamba hakuna mahali dhambi inavaa sare nzuri kuliko pale. Kwaya yetu niliikuta ina watu wachache, wote wanaimba sauti moja. Nikawafundisha solfa, ile do-re-mi, kwa chaki na ubao nyuma ya kanisa, nikawagawa sauti nne, nikapita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wazazi wawaruhusu mabinti zao waje mazoezi ya jioni. Sijisifu, lakini ukifika pale uliza nani aliijenga ile sauti ya tatu.

Kisha akaja kijana kutoka mjini, kinanda begani, anasoma nota za mistari, anajua na mambo ya kurekodi. Wazee wa kanisa wakakaa kikao ambacho mimi sikuitwa. Jumapili iliyofuata, nimekaa kwenye benchi na washarika wenzangu, nikasikia kwenye matangazo kwamba kwaya imepata mwalimu mpya. Nikashukuriwa kwa "utumishi uliotukuka". Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikatabasamu, nikasema Bwana asifiwe. Nikahamia safu ya nyuma, kwenye besi, na kila aliyeniona alisema mwalimu kweli ameokoka, hana kinyongo.

Mwaka huohuo tukaenda mashindano ya kwaya. Ukumbi umejaa, zamu yetu ikafika, tukapanda jukwaani na sare mpya. Kijana akabonyeza kinanda ili atupe sauti. Kimya. Umeme umekatika. Akabonyeza tena, akauangalia waya, halafu akatuangalia sisi. Waimbaji wake walikuwa wamezoea kupewa sauti na kinanda, kichwani hawana kitu. Mimi ninayo. Do ya wimbo ule nilikuwa nayo kabisa, ilitosha niivumishe kidogo tu mdomo ukiwa umefungwa, besi wenzangu wangeidaka, na wengine wangeipata kwao. Nikanyamaza. Nikawa naangalia viatu vyangu. Sauti ya kwanza wakaanza juu mno, sauti ya tatu wakawafuata wakakwama njiani, na tulipofika ubeti wa pili kila upande unaimba wimbo wake.

Na mimi pale nyuma nilisikia utamu. Sitafuti neno jingine, lilikuwa hilo hilo, utamu, ulipanda kutoka kifuani mpaka nikaogopa utaonekana usoni. Tuliposhuka nilimwendea kijana, nikamshika bega: "Pole mwanangu, Mungu ana makusudi yake." Akanishukuru, machozi yanamlenga.

Usiku nikamsimulia mama watoto yote, nikamalizia na ile sentensi yetu sote: sijui, ni shetani tu alinipitia. Alikuwa anachambua mchele, hata uso hakuinua. "Shetani gani huyo anayejua solfa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba ulinzi wangu wote ulikuwa kamili. Sinywi, sivuti. Kwaresima nilikuwa nimefunga sawasawa. Simu yangu mtoto yeyote nyumbani angeweza kuifungua. Kama dhambi ni kitu kinachoingia kutoka nje, kwangu isingepata mlango. Ile haikuingia. Ilitoka.

Hayo ndiyo aliyoyasema Yesu katika Marko sura ya 7, na wengi tunaisoma sura ile kana kwamba inahusu usafi wa mikono. Mafarisayo na waandishi waliotoka Yerusalemu waliwakuta wanafunzi wake wakila bila kunawa. Haikuwa hofu ya kipindupindu. Kunawa kulikuwa mapokeo ya wazee, namna ya mtu wa Mungu kujitenga na unajisi wa sokoni. Yesu akawajibu kwamba kinachomwingia mtu kinaenda tumboni kisha chooni, moyo hakiugusi. Kinachomtia mtu unajisi ni kile kinachotoka ndani yake, moyoni. Akavitaja: mawazo mabaya, uasherati, wivi (yaani wizi), uuaji, uzinzi, anaendelea hivyo mpaka anafika "kijicho". Mstari huo nimeusoma tangu darasa la kipaimara, na siku zote macho yangu yalikimbilia uasherati na uzinzi, kwa sababu hizo zilikuwa dhambi za watu wengine. Kijicho nilikipita tu. Kumbe kimepangwa kwenye orodha moja na uuaji, wala hakuna alama pembeni kwamba hiki ni kidogo.

Ukitaka kujua kwa nini vimepangwa pamoja, msome Kaini. Wengi tunakumbuka damu, tunasahau kwamba ugomvi ule ulianzia kwenye sadaka. Ndugu wawili wako ibadani! Sadaka ya mmoja ikakubaliwa, ya mwingine ikakataliwa, na Kaini "akaghadhibika sana, uso wake ukakunjamana". Abeli hakuwa amemkosea neno. Hapakuwa na baa, hapakuwa na marafiki wabaya, hapakuwa na intaneti. Najua yupo atakayenitajia 1 Yohana 3:12, kwamba Kaini alikuwa wa yule mwovu. Sawa, naikubali. Lakini tazama Mungu alivyosema naye kabla hajaua: "dhambi iko, inakuotea mlangoni, nayo inakutamani wewe, walakini yapasa uishinde." Hakumkemea pepo. Alimpa Kaini kazi, na Kaini akaenda shambani na ndugu yake.

Yakobo naye, katika waraka wake, hazunguki: "kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa." Yake mwenyewe. Sikatai kwamba shetani yupo. Ninachosema ni kwamba tumemtwika mizigo mingi ambayo si yake, tangu Adamu alipomnyoshea kidole mkewe, na mkewe akamnyoshea nyoka.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mlokole, wa ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukafika kwetu Bukoba. Nyumbani kwake kulikuwa na kile kijitabu cha picha za moyo wa mtu wenye wanyama ndani, wengi wenu mnakikumbuka, asili yake ni kwa mhubiri Mjerumani Johannes Gossner aliyekitoa mwaka 1812. Mbuzi ni uasherati, nguruwe ulafi, kobe uvivu, chui hasira, nyoka kijicho. Nikiwa mtoto niliwaogopa nyoka na chui. Juu yao alisimama tausi, ndiye kiburi, na huyo sikumwogopa hata kidogo. Nilimpenda. Niliona ndiye mnyama pekee mzuri kwenye ukurasa ule.

Walokole wa bibi walikuwa na jambo moja ambalo sasa tumelipoteza. Walipokutana kwenye ushirika hawakuishia kuungama walichoiba. Mtu alisimama akasema, "Wiki hii nimemwonea wivu ndugu huyu hapa, shamba lake limestawi." Anamtaja, na mwenyewe amekaa pale anasikia. Tukiwa watoto tulichekea mikononi. Leo tumekuwa watu wa heshima. Tukiungama, tunaungama kwa jumla, "nimekosa mbele za Mungu", basi, tunaenda kunywa chai. Wakatoliki wenyewe katika ungamo la Misa wanaanza na mawazo, ndipo yanakuja maneno, vitendo, na kutotimiza wajibu. Ukiangalia kisa changu cha jukwaani, neno sikusema na tendo sikutenda. Nilinaswa na la kwanza na la mwisho.

Basi ushauri wangu ni huu. Itaje kwa jina lake. Usiseme "nina changamoto za kihisia", sema nina kijicho, sema nafurahi mwenzangu akianguka. Itaje mbele za Mungu, kisha itaje kwa mtu mmoja aliye hai, mwenye masikio na mwenye kunyamaza. Usiitaje kwenye status. Na mtu huyo usimpelekee hadithi nzima ya namna ulivyoonewa, mpelekee dhambi tu. Hapo ndipo wengi tunaponaswa: tunakwenda kuungama tunaishia kushtaki.

Halafu mwombee yule unayemwonea kijicho, umwombee jambo lile lile linalokuuma. Ukisema tu "Mungu ambariki", moyo unapata pa kujificha. Mimi ilibidi nisali kwaya ishinde chini ya mwalimu yule. Siku ya kwanza sala ile ilinikwama kooni. Naendelea nayo.

Hawa wanaowauzia mafuta ya upako ya kufukuza roho ya wivu, nawaomba muwaepuke. Ukikuta tangi lina tope, kuosha kikombe hakukusaidii. Na hawa washauri wa redioni wanaowaambia vijana "fuata moyo wako", sijui wamemwacha wapi Yeremia, aliyesema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Mimi siku ile jukwaani niliufuata moyo wangu neno kwa neno.

Mfalme Daudi alipozini na Bathsheba, mke wa mtu, angeweza kusema Bathsheba ndiye aliyeoga akaonekana. Angesema ni ghorofa, ni jioni, ni vita vimemchosha, ingawa vitani kwenyewe hakwenda. Zaburi ya 51, sala yake ya toba, haina hata moja ya hayo. Inaomba moyo safi, tena hamwombi Mungu autengeneze uliopo, anaomba auumbe. Ezekieli 36 imeahidi hicho hicho, moyo wa jiwe utolewe, uwekwe wa nyama. Hatuwezi kujifanyia. Kufunga kwangu hakukuniumbia moyo, kulinipunguza kilo tu.

Kijana nilimwendea baadaye, nikamwambia ukweli: do nilikuwa nayo, nikanyamaza makusudi, na mlipokosea nilifurahi. Alinitazama, akasema, "Asante kwa kuniambia, mwalimu." Tangu siku hiyo haniombi ushauri tena mazoezini, na salamu zake zimekuwa fupi. Ni haki yake. Aliyewaambia kwamba ukiungama mtakumbatiana na kulia pamoja aliwadanganya. Wewe ungama hivyo hivyo.

Na ninyi wazee wa kanisa mnaosoma hapa, neno moja. Dhambi ilikuwa yangu, ilitoka moyoni mwangu, simtwiki mtu. Lakini mkibadilisha mwalimu wa kwaya, mwiteni kwanza mkae naye. Kikao kile mngeweza kuniita.