Kabla hujanunua diski ya Marienbad

Mara ya kwanza kuitazama filamu ya Kifaransa L'Année dernière à Marienbad nililala. Sisemi nilisinzia. Nililala hasa, nikaamka nikakuta korido zile zile, vioo vile vile, na yule bwana bado anaongea. Ilikuwa nakala ya kupakua, kwenye simu, saa nne usiku, baada ya foleni ya kutoka Posta hadi Mbagala. Nikamwandikia rafiki yangu kwamba Wafaransa wametuona wajinga.

Tangu siku hiyo nimeirudia mara tano, na nimenunua diski zake mbili. Ya kwanza ilikaa kabatini miezi minane kama pambo. Nitaeleza kwa nini, maana hasara ile ingeepukika kwa kugeuza kasha na kusoma herufi moja tu.

Kwanza filamu yenyewe, kwa asiyeijua. Iliongozwa na Alain Resnais kwa mswada wa mwandishi wa riwaya Alain Robbe-Grillet, ikatoka 1961. Dakika 94, nyeusi na nyeupe, skrini pana. Kuna hoteli ya kifahari yenye bustani iliyokatwa kwa rula. Mwanamume mmoja anamwambia mwanamke mmoja kwamba walikutana mwaka jana, wakapendana, na yeye ndiye aliyeomba wasubiri mwaka mzima. Mwanamke anasema hamkumbuki. Yuko mwanamume wa tatu, mrefu, mkavu, ambaye huenda ni mume. Hakuna mwenye jina. Basi, hiyo ndiyo hadithi, na ukikaa kuisubiri ianze utazeeka. Hata Marienbad, mji wa chemchemi ulioko Ucheki, hutauona: majumba yale ni ya Munich na viunga vyake, Nymphenburg na Schleissheim, na sehemu nyingine ni studio ya Paris.

Watu waligawanyika tangu mwanzo. Mwaka ule ule ilichukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice. Mhakiki wa Marekani Pauline Kael akaikejeli kama sherehe ya matajiri waliochoka roho. Mwaka 1978 kitabu kimoja huko huko Marekani kikaiweka kati ya filamu 50 mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Kwa hiyo ukichoka, usijione mshamba. Umekaa na wasomi. Ukiipenda pia, usijitape.

Sasa diski. Nilimwomba ndugu yangu aliyeko Marekani aniletee Blu-ray ya mwaka 2009 ya Criterion, kampuni ya Marekani ya diski za filamu, iliyotumika, kwa sababu haichapishwi tena. Ikafika salama. Nikaiweka kwenye deki yangu ya Kariakoo, skrini ikawa nyeusi na ujumbe mmoja wa kukataa. Blu-ray zimegawiwa dunia kwa herufi: Marekani ni A, sisi Afrika tuko pamoja na Ulaya kwenye B. DVD ndizo zinatumia namba, na huko nako hatuko na Ulaya: wao 2, sisi huku Tanzania 5. Kwa hiyo toleo la Criterion, na lile la Kino Lorber, kampuni nyingine ya Marekani, la 2019, deki ya kawaida ya hapa haitayasoma. Tafuta la kampuni ya StudioCanal, la Uingereza, la 2018: ni B, na lina maandishi ya chini ya Kiingereza. Angalia hilo la maandishi kabla hujalipa, kwa sababu diski zinazouzwa Ufaransa kwa Wafaransa mara nyingi hazijali kama wewe unaelewa. Na usishawishike kuagiza deki ya Marekani ili kukwepa tatizo. Umeme wao ni volti 120. Wetu 230 unaweza kuichoma kabla hujamwona mwanamke mwenyewe, isipokuwa uwe na transfoma.

Hiyo ya StudioCanal ndiyo niliyonunua mara ya pili. Inatokana na ukarabati wa 4K, yaani wa picha kali sana, ambao Chanel, wale wa mitindo ya mavazi, walichangia, jambo lenye mantiki ukijua kwamba magauni ya Delphine Seyrig, anayecheza yule mwanamke, yalitoka kwao. Picha ni safi mno. Kijivu kina ngazi kumi na tano, na unaona vumbi la poda kwenye mabega yake.

Lakini lile pambo la kabatini lina kitu ambacho sikukitarajia. Shemeji yangu alipokuja na deki inayosoma diski za herufi zote, tuliifungua, na kwenye menyu kuna njia mbili za sauti: moja imesafishwa, nyingine imeachwa ilivyo, na mivumo yake. Hiyo ya pili iliwekwa kwa ombi la Resnais mwenyewe, aliyekuwa bado hai. Hoja yake ni kwamba ukifuta kinachoitwa kasoro unaweza kufuta na mtindo wa filamu, kwa maana sauti za waigizaji zilipimwa kwa mitambo ya wakati ule. Nilidhani ni ubishi wa mzee. Tukajaribu dakika kumi za kila moja. Kwenye iliyosafishwa, yule bwana anaongea kama yuko studio. Kwenye ambayo haikuguswa, sauti yake inatoka mbali, inakaribia, inamezwa na kinanda kama cha kanisani, inarudi tena. Ukiwa na diski hiyo, chagua chafu.

Nasisitiza sauti kwa sababu mpaka nilipoisikia vizuri sikuielewa filamu hii, na aliyenifungulia si mhakiki bali ni shangazi yangu.

Nilikuwa nimewaita watu watatu Jumapili: shangazi, shemeji, na jirani mmoja mwalimu anayependa filamu. Mwalimu alitoka na nadharia baada ya nusu saa: wote wamekufa, hiyo hoteli ni ahera. (Nadharia hii ina wafuasi duniani kote, na siwezi kuipinga, ila inafanya filamu iwe rahisi kupita kiasi.) Shemeji alikoroma. Shangazi hasomi Kiingereza, hajui Kifaransa, kwa hiyo hakusumbuka na maandishi ya chini hata kidogo. Alitazama nyuso. Mwishoni akasema, "Huyu mwanaume hamkumbushi. Anamwambia, anamwambia, anamwambia, mpaka mtoto wa watu anachoka kukataa."

Nikakaa kimya. Nilikuwa nimeitazama mara tatu nikitafuta kama kweli walikutana mwaka jana.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo. Mtu aliyekulia kwenye kibanda umiza anaijua hali hii: picha ya Kihindi au Kichina inapita, juu yake kuna sauti ya mtafsiri anayekueleza kinachotokea, na mara nyingi anatunga. Sauti inasema "huyu ni mjomba wake aliyemdhulumu shamba", nawe unaamini, ingawa macho yako yanaona polisi na mwizi. Marienbad inaendeshwa hivyo hivyo. Yule bwana anasimulia juu ya picha, na picha wakati mwingine inamtii, wakati mwingine inamgomea. Anasema hivi, mwanamke kwenye skrini anafanya vile, naye anakasirika kama mtafsiri aliyeshikwa. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: mara ya kwanza soma maandishi, mara ya pili yazime. Deki ina kitufe chake. Utapoteza maneno ambayo tayari unayajua, na utapata macho ya Seyrig, ambayo yanaanza na kicheko na kuishia kwenye kitu ambacho mimi nakiita woga.

Yaliyobaki ni madogo. Usibonyeze zoom ili picha ijaze TV. Ile mistari myeusi juu na chini iache, kwa sababu pembeni kuna wageni waliosimama wameganda kama masanamu, na ukiwakata umekata nusu ya hoteli. TV mpya zina mpangilio wa kulainisha miendo. Uzime, la sivyo kamera ya mpiga picha Sacha Vierny, inayoteleza koridoni taratibu, itafanana na tamthilia ya mchana. Simu isahau. Kuna picha moja maarufu ya bustani ambapo watu wana vivuli virefu na miti iliyochongwa haina kivuli chochote. Vivuli vya watu vilipakwa rangi ardhini. Kwenye simu niliipita bila kugundua.

Na weka kiberiti mezani. Yule mwanamume mkavu ana mchezo wake: njiti 16 katika safu za 7, 5, 3 na 1, unachukua ngapi upendazo kutoka safu moja, na atakayeokota ya mwisho ameshindwa. Hashindwi kamwe. Watu wamejenga falsafa nzima juu ya hilo, lakini ni hesabu tu: kwa mpangilio huo, anayeanza wa pili akiijua hesabu yake anashinda siku zote. Nilijifunza nikawapiga wote Jumapili ile. Shangazi alishtuka mchezo wa nne, akasema, "Haya, leo uanze wewe."

Ukitaka kujiandaa, kwenye diski ya Criterion kuna filamu fupi ya Resnais ya 1956, Toute la mémoire du monde, juu ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Dakika 21 za kamera ikitambaa kwenye makabati ya vitabu. Ukiimudu hiyo, hoteli utaimudu. Binafsi ningeanzia nyuma zaidi, kwa Les statues meurent aussi ya 1953 aliyoifanya na mtengeneza filamu mwenzake Chris Marker, iliyoagizwa na jarida la Présence Africaine, kuhusu vinyago vya Afrika vilivyofungiwa kwenye makumbusho ya Ulaya. Serikali ya Ufaransa iliizuia kwa miaka. Humo Resnais anaongea waziwazi anachokitaka, na ni vizuri kujua kwamba aliweza.

Diski ya StudioCanal ukiniomba, sina. Shemeji, yule aliyekoroma, aliichukua akisema anataka kuhakikisha jambo moja tu kuhusu sanamu ya bustanini. Hii ni wiki ya tatu. Nilimpigia juzi, akaniambia nisimharakishe, bado hajazima maandishi.