Uliza Fundi: Kutia mota kwenye goti la milingi

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina karakana Mwanza, nachonga vipuri vya mashine za kukoboa mpunga. Milingi yangu, mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ni Bridgeport ya zamani. Meza tayari inaendeshwa na kompyuta, kushoto-kulia na mbele-nyuma, lakini goti, ile sehemu inayobeba meza na kupanda na kushuka kwenye nguzo, bado nalipandisha kwa hendeli, mzunguko mmoja inchi 0.100. Ninayo stepa, mota inayozunguka hatua kwa hatua, yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 8.5. Nikiifunga moja kwa moja kwenye shafti ya hendeli, itaweza? Na je, ning'oe skrubu ya zamani inayolinyanyua goti, niweke ya gololi, ambayo nati yake inatembea juu ya gololi? Naogopa umeme ukikatika goti lisije likashuka.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo hofu yako, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Skrubu ya asili usiiguse. Meno yake yanasuguana sana na nati, na sehemu kubwa ya nguvu unayotia kwenye hendeli inaliwa humo kabla haijanyanyua chochote. Vijana wengi wanaona huo ni upotevu. Lakini msuguano huohuo ndio unaolishikilia goti usiku kucha wewe ukiwa nyumbani umelala. Skrubu ya gololi inapitisha karibu nguvu yote, na inaipitisha pande zote mbili: umeme ukikatika, goti, meza, vaisi na kazi vinashuka pamoja, pengine mkono wa mtu uko chini yake. Aliyekwisha kuiweka lazima atafute mota yenye breki inayobana yenyewe umeme unapokatika. Wewe huihitaji.

Najua utaniuliza habari ya pleyi, ule ulegevu kati ya skrubu na nati. Kwenye meza pleyi inatutesa kwa sababu kisu kinasukuma huku na huku. Kwenye goti uzito wote umelalia upande mmoja wa nati, mamia ya kilo, na kisu hakiwezi kuunyanyua. Kinachoharibu kipimo hapo ni zile kabari zinazobana goti kwenye nguzo. Zikikazwa mno, au zikikosa oili, ukiliteremsha goti linaning'inia kidogo halafu linadondoka ghafla, na kina chako kimekwisha kuharibika. Zisafishe, zitie oili ya njia za mashine, uzikaze mpaka goti lisitikisike, basi. Na katika programu, kila kipimo cha mwisho kifikiwe goti likipanda. Likitakiwa kushuka, lishuke kupita kipimo, kisha lirudi juu.

Sasa mota. Kabla hujakata hata bamba la kuifungia, azima mizani ya ndoano kwa wauza samaki, hapo Mwanza hutaikosa. Ifunge kwenye mshikio wa hendeli, uivute kwa pembe mraba huku goti likipanda na vaisi yako nzito zaidi ikiwa mezani. Tuseme inasoma kilo 6 na mshikio uko sentimita 15 kutoka katikati ya shafti: hiyo ni karibu nyutoni-mita 9. Stepa yako ya 8.5 imeshashindwa. Na hiyo 8.5 ni nguvu ya kushikilia ikiwa imesimama. Ikianza kukimbia inapungua, na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyozidi kupungua.

Kwa hiyo tumia mkanda wa meno, puli ya meno 20 kwenye mota na ya meno 60 kwenye shafti. Hapo mota inadaiwa nyutoni-mita 3 tu, na inabaki na akiba ya kutosha kwa siku kabari zitakapokauka. Mota ikizunguka mara 600 kwa dakika, shafti inazunguka 200, na goti linapanda kama sentimita 50 kwa dakika. Mimi naona inatosha kabisa. Anayetaka goti likimbie anataka stepa iruke hatua, na stepa ikiruka hatua kompyuta haijui. Itaendelea kukata kana kwamba iko mahali pake.

Kwa usahihi huna shida. Hatua 200 za mota kwa mzunguko mmoja, mara 3, ukigawa kwa milimita 2.54 (ile inchi 0.100), ni hatua 236 kwa kila milimita.

Hendeli ing'oe kabisa kila mota inapowashwa. Chuma kile kikizunguka mara 200 kwa dakika usawa wa kiuno chako kinavunja mfupa. Weka swichi ya kikomo juu na chini, na swichi nyingine kwenye mkono wa kufungia goti, ili mota isiondoke goti likiwa limefungwa.

Jambo la mwisho: usitoboe mashimo marefu kwa goti, kule kuingia na kutoka ili chipsi za chuma zitoke. Kupandisha na kushusha uzito wote ule kwa ajili ya tundu la milimita 6 ni kuitesa skrubu. Kwa kazi hiyo tumia spindo yenyewe, inashuka inchi 5 kwa mkono, nayo ni nyepesi. Goti liache lichonge mifuko, yaani mashimo mapana, na kuweka kina.