Maswali na Majibu: Et utumwa ni sunna iliyosahaulika?

SWALI: Assalam aleikum ustadh. Mdogo wangu ana miaka 19, kuna grupu la Telegram kaingizwa na siku hizi kila jioni ananiletea klipu, et Daesh (ISIS) walipowachukua wanawake wa Kiyazidi, watu wa dini ya wachache kule Iraq, walikuwa wanafufua hukumu iliyosahaulika na anayepinga kapinga Qurani. Mi nikamwambia Uislamu haujawahi kuwa na utumwa, akanifungulia kitabu cha fiqhi (sheria za dini) akanionyesha mlango mzima wa watumwa. Nimjibu nini? Dada mtu, Tanga.

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hapo kwenye "haujawahi" ndo alipokupatia. Vitabu vya zamani vina huo mlango, na sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa hii habari, soko la watumwa la Unguja Sayyid Barghash kalifunga 1873 na hata hapo kwa kubanwa na Waingereza. Ukianza kwa kukana kitu kipo atakudharau hata kwenye yale unayosema kweli.

Sasa turudi kwa hao Daesh. Agosti 2014 wakaingia Sinjar, kwao hao Wayazidi, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakagawanywa na kuuzwa, afu Oktoba jarida lao likatoa makala ya kujisifia. Moja ya hoja zao ni ile hadithi ya Jibril ambayo watoto wa madrasa wanaihifadhi, Mtume s.a.w. anaulizwa alama za Kiama, anataja mjakazi kumzaa bibi yake, yaani mwenye kummiliki. Wao wakasema basi kumbe utumwa lazima urudi kabla ya Kiama, na sie ndo tunaurudisha. Hebu mwambie aimalizie hiyo hadithi! Alama inayofuata ni wachunga mifugo, miguu peku, wakishindana kujenga maghorofa, mbona hatujasikia fatwa kwamba kupandisha ghorofa ni ibada? Yaani habari ya kitakachotokea wameigeuza amri.

Na ndo mchezo wao kwenye aya pia. Qurani iliukuta utumwa upo dunia nzima ikauwekea mipaka, lakini ukitafuta inapomwagiza Muislamu afanye kitu juu ya mtumwa utakuta mara nyingi inamwagiza amwache huru: kafara ya kuua kwa bahati mbaya, kafara ya kiapo, fungu la zaka (Tawba 60), ile njia ya mlimani kwenye Suratul Balad, ambayo ni kumwacha mtumwa huru. Mateka wa vita, Sura Muhammad aya ya 4, inataja kuwaachia kwa hisani au kwa fidia. Aya inayosema nendeni mkatafute watumwa haipo, mwambie akuletee.

Septemba 2014, kabla hata ya ile makala, wanazuoni zaidi ya 120 walimwandikia al-Baghdadi, kiongozi wa Daesh, barua ya wazi, wakamwambia kurudisha utumwa ni haramu, umeshafutwa kwa ijmaa, yaani makubaliano ya wote. Najua mdogo wako atasema hiyo ijmaa ni ya wakoloni. Muulize habari za Tunisia. Mtawala wake Ahmad Bey kaufuta utumwa 1846, Wafaransa wameingia 1881. Balozi wa Uingereza alikuwepo anamsukuma, sikatai, lakini hoja aliyowapelekea wanazuoni wake ilikuwa ya fiqhi tupu: wengi wa hawa watumwa haijulikani wamepatikanaje, asili ya binadamu ni kuwa huru, na mabwana wanawatesa kinyume na alivyousia Mtume. Mufti wa Kihanafi na wa Kimaliki wote wakaafiki. Hawa walikuwa wamekulia kwenye vitabu hivyo hivyo anavyokufungulia yeye.

Kuhusu yeye mwenyewe, usimfokee wala usimnyang'anye simu, atahamia kwa siri. Mtafutieni shehe wa mtaani anayemheshimu, mwenye elimu na subira ya kukaa nae. Ila wakianza kumwomba hela au kumwambia asafiri, usisubiri shehe, wazazi wajue siku hiyo hiyo.