Bomba tulikimbize wapi? Nilivyoponzwa na neno "run"

Nikiwa bado mgeni katika kazi ya kutafsiri, nilipewa karatasi mbili za maelekezo ya mtambo mdogo wa kuchuja maji. Kazi ya jioni moja hii, nikajisemea. Sentensi mojawapo ilikuwa "Run the tap for two minutes before first use". Nikaandika bila wasiwasi: "Kimbiza bomba kwa dakika mbili kabla ya kutumia kwa mara ya kwanza." Nikatuma, nikalipwa, nikalala.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na fundi aliyekuwa anaufunga mtambo huo kwenye zahanati moja pale Buguruni. Hakuwa na hasira, alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Kaka, hili bomba tulikimbize tulipeleke wapi?"

Jibu lilikuwa jepesi: fungua bomba, acha maji yatiririke dakika mbili. Mtoto wa darasa la tatu angelisema hivyo. Na Kiingereza nilikuwa nakijua kiasi changu. Kilichoniponza ni ubao wa shule ya msingi ulioandikwa "run = kukimbia", nami nikaiamini ile alama ya katikati kama Msahafu.

Nilipokuja kulichimba neno lenyewe nikakuta ni bahari. Katika toleo la 1989 la ile kamusi kubwa ya Oxford, "set" ndilo lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote: maana 430 hivi, zilizoelezwa kwa maneno kama 60,000. Wahariri walipoanza kuipitia upya, "make" likalipita mwaka 2000, baadaye "put", kisha likaja "run" likawaacha wote. Mhariri Peter Gilliver alikaa nalo miezi tisa hivi. Miezi tisa! Mtu anashika mimba na kujifungua. Hesabu iliyotajwa mwaka 2011 ni maana 645, na hapo ni kitenzi tu. Wengine husema mashine ndizo zilizolikuza: tangu enzi za injini za mvuke na reli, chochote kinachozunguka au kufanya kazi Mwingereza anakipa "run", hadi programu ya kompyuta.

Hakuna anayeweza kukariri maana 645, wala Mwingereza mwenyewe hazijui zote. Sasa anazitumiaje?

Aliyenionyesha ni Mjerumani mmoja niliyekuwa namfundisha Kiswahili. Siku hiyo alifunga daftari akaniuliza, kwa uchungu kabisa, kwa nini sisi tunapiga kila kitu. Asubuhi mnapiga mswaki, mnapiga deki, mnapiga pasi. Mkifika mlangoni mnapiga hodi. Mnapiga simu, mnapiga picha, mnapiga kura, mnapiga chafya, mnapiga magoti, na jioni mkichoka kupiga mnakaa mnapiga soga. Nani kawakosea?

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maana mimi hakuna aliyewahi kunifundisha maana za "piga". Mama alisema "kapige deki", nikaona ndoo na tambara, basi. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna kipigo humo. Neno lilikuja limeshikana mkono na mwenzake, nikawapokea wote wawili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu ndio wote, ni huu: usiliandike "run" kwenye daftari likiwa peke yake. Andika sentensi nzima ulivyoikuta, kisha tazama ni nini kinachofanya hiyo "run". Ikiwa ni pua, mtoto anatokwa kamasi. Ikiwa ni rangi ya khanga kwenye beseni, imechuja. Mtu na duka lake, analiendesha. Ugonjwa na ukoo, ni wa kurithi. Chunga pia vile vineno vidogo vinavyofuata nyuma. "Run out of sugar" ni kuishiwa sukari. "Run into" rafiki yako ni kukutana naye bila kutarajia, lakini "run over" ni kumgonga na gari. Ukivichanganya hivyo viwili mbele ya askari wa barabarani utalala ndani.

Ninaoupenda zaidi ni mfano wa uchaguzi. Mmarekani anayetaka urais "anakimbia". Mwingereza anayetaka ubunge "anasimama". Sisi tunagombea, neno lile lile la watoto wawili na kipande kimoja cha nyama. Ukinilazimisha kuchagua, nitasema la kwetu ndilo lililosema ukweli.

"Set" lina tabia nyingine. Mara nyingi ndani yake kuna kitu kinachotulia au kuwekwa mahali pake: zege limeshika, mfupa umeungwa, mtego umetegwa, jua limetua. Ukiishika picha hiyo, unaweza kubahatisha hata usilowahi kuliona. "Get" ndilo sina dawa nalo zaidi ya sentensi, sentensi, na sentensi.

Ila usichanganye mambo haya na lile la "kaa". Kaa la moto, kaa wa baharini na kukaa kitini ni maneno matatu yaliyogongana sauti tu, ndiyo maana kamusi zetu huyatenga. Kwa Waingereza ni kama "bark", gome la mti na mbweko wa mbwa. Hapo usihangaike kutafuta undugu, jifunze kila moja kivyake.

Na kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili isiwe ya pekee mezani. Tafuta pia ile ya Kiingereza kwa Kiingereza waliyotungiwa wanafunzi, yenye mifano mingi. Ivunjike mgongo kwa kufunguliwa.

Ukurasa wangu wa "run" umepita sentensi arobaini. Ya mwisho niliitoa kwenye kopo la rangi ya ukuta: ukipaka nene sana, "the paint will run". Nilikuwa na neno langu kichwani, lakini nikampigia yule fundi kuhakikisha.

"Inachuruzika," akanijibu. "Kwani wewe ulitaka kuikimbiza?"