"Ugonile?" Nilikuwa najibu tu

Habari za kazi wahariri, poleni na majukumu. Wiki hii mmeuliza mtu akikosa usingizi mwili na hisia zake zinakuwaje, nikasema hili lazima nijibu maana mi nimeishi hivyo karibu miaka mitatu hapa Uyole, Mbeya. Bibi jirani yangu kila asubuhi ananiamkua "Ugonile?", kwa Kinyakyusa ni kama kukuuliza umelala, na mi namjibu ndaga, yani asante, huku sijalala.

Nauza chai na maandazi barabarani, wateja wangu wa kwanza ni madereva wa malori ya Tunduma na Kasumulu na vijana wa kupakia viazi. Saa kumi na moja alfajiri chai iwe tayari, kwahiyo nilikuwa naamka saa nane na nusu usiku nakanda unga, na kulala nalala saa tano nikishaosha vyombo na kuhesabu hela. Hayo ni masaa matatu na nusu wakati mtu mzima anatakiwa apate saba au zaidi.

Sasa ubaya wake ni kwamba unazoea, unajiona uko fiti kabisa. Nimesoma kwamba watafiti Marekani waliwahi kuwalaza watu masaa sita tu kwa wiki mbili, mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha usiku kucha, lakini wakiulizwa wanasema wana usingizi kidogo tu. Ndo mimi huyo. Julai moja, baridi ile mnayoijua, nimesimama mbele ya karai macho wazi, mwiko mkononi, nikaja kushtuliwa na harufu, maandazi yote meusi na sikumbuki kitu chochote hapo katikati, yani ubongo ulijizima wenyewe nimesimama juu ya mafuta ya moto.

Alafu njaa. Ukilala kidogo homoni inayoita njaa inapanda na ile ya kukwambia umeshiba inashuka, nikawa nakula maandazi yangu mwenyewe sita saba kabla hakujakucha. Uzito ukapanda, nikaenda zahanati presha nayo iko juu, nesi akaniuliza mama unalala saa ngapi, nikashangaa anauliza hivyo kumbe presha inatakiwa ishuke usiku ukiwa umelala, sasa wangu usiku wenyewe uko wapi? Na mafua hayaishi. Huku kwetu tunasema ni baridi, ila waliwahi kuwawekea watu virusi vya mafua puani makusudi, waliokuwa wanalala chini ya masaa sita walishikwa mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saba.

Lakini hayo yote mi naona bado sio kitu ukilinganisha na hasira. Mwanangu wa miaka saba alimwaga kikombe cha maziwa, kimoja tu, nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Akachukua kitambaa akaanza kufuta, anafuta huku ananitazama mimi usoni, hatazami hata sakafu. Nimekuja kuelewa baadae kwamba ubongo usiopumzika ile sehemu ya woga na hasira inawaka haraka, na sehemu ya mbele inayotakiwa kuituliza inakuwa imelegea. Nimeelewa, ila yeye nilishamfokea.

Na nyie madereva wangu mnaosoma, kaa macho masaa kumi na saba unaendesha kama mtu aliyekunywa pombe, imepimwa hiyo. Kahawa inakuzuia tu usiusikie usingizi, deni lenyewe linabaki pale pale. Benchi langu la nyuma lipo, jinyooshe hata dakika ishirini hakuna atakayekudai hela.

Mi nimebadilisha kitu kimoja. Sasa hivi nakanda jioni, hamira naweka kidogo sana, kwa baridi ya Uyole unga unaumuka taratibu usiku kucha, nikiamka saa kumi ni kukata na kukaanga. Vyombo anaosha binti yangu mkubwa, saa tatu niko kitandani. Presha imeshuka, na bibi akiniamkua namjibu vizuri.

Ila yule mdogo akimwaga kitu mpaka leo ananitazama kwanza usoni.