Mdogo wangu, kiwanja usiuze kwanza

Wiki hii umeniuliza mara tatu: uuze kile kiwanja cha Chanika uje Uingereza kusoma uandishi wa habari kama mimi, au ubaki hapo Dar uendelee kupambana? Na wenzako wa kijiweni Sinza wanataka kujua kama dada yako ameshaingia BBC. Nakujibu kama mtoto wa mama yangu.

Hilo la BBC tulimalize. Wazee wetu bado wanaitaja Bush House, jengo la London ilikotangaza BBC zamani, lakini idhaa za dunia zilihama jengo lile mwaka 2012, na Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza 1957, siku hizi kazi yake nyingi inafanyika Nairobi. Kufika Nairobi hakuhitaji kupitia London. Halafu viza ya mwanafunzi inakupa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, na kujiajiri hairuhusu kabisa. Maana yake huwezi kuuza makala moja moja magazetini kama unavyofanya hapo. Jioni nasafisha ofisi za watu.

Na kuna la mwanangu. Tangu Januari 2024 wengi wetu tunaosoma uzamili wa darasani hatuwezi kuja na mume wala watoto. Binti yangu yuko Mbagala kwa bibi yake. Jino lake la kwanza lilipong'oka, pengo nililiona kwenye simu. Hakuna cheti kinacholipa hilo, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Sasa nikwambie nilichokipata.

Mwalimu wetu wa kuripoti ni mzee aliyezunguka mahakamani zaidi ya miaka thelathini. Muhula wa kwanza alitupeleka mahakama ya hakimu. Huku kurekodi sauti mahakamani bila kibali ni kosa, na kupiga picha ndani kumekatazwa tangu 1925, kwa hiyo waandishi bado wanajifunza hatimkato, yaani kuandika haraka kwa alama za mkato, na wanalenga maneno 100 kwa dakika. Nikaandika habari yangu fupi: mtu kapatikana na hatia ya wizi dukani. Jina, umri, mji. Nikampelekea.

Akalizungushia kalamu jina la yule mtu. "Anakaa mtaa gani?" Sikuwa nimeandika. Akaniambia mji ule una watu wengine wenye jina hilo hilo, na kesho asubuhi mmoja wao atafika kazini akute bosi wake ameshaisoma habari yangu. Akanirudisha. Nilitembea dakika 25 kwenye mvua, nikamkuta karani anajiandaa kufunga, akanisomea jina la mtaa na mimi nikamwomba anitajie herufi moja moja. Neno moja tu. Nikarudi nalo limelowa kwenye daftari.

Usiku ule nilikaa macho nikizikumbuka habari zangu za mahakama ya Kisutu, hapo Dar. "Hamisi Juma, mkazi wa Temeke." Temeke, ambayo kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni moja! Ni akina Hamisi Juma wangapi niliowapaka matope bila kuwajua, na hakuna aliyewahi kuja kuniuliza?

Wiki chache baadaye profesa wa sheria za habari aliniuliza, darasa zima linasikiliza: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania, ya mwaka 2016, inaipa ofisi ya umma siku ngapi kumjibu mwananchi? Sheria ya nchi yangu, niliyofanyia kazi humo miaka yote ile, sikuijua. Yeye aliijua: siku 30. Akauliza nimewahi kupeleka maombi mangapi. Hata moja.

Unajua tulivyokuwa tukifanya kazi. Kurasa zinasubiri, mhariri hana nafasi ya kuuliza mtaa. Tunakwenda kwenye semina, tunachukua taarifa iliyokwishachapwa, tunapewa bahasha ya "nauli", tunarudi kuandika. Niliipokea, mdogo wangu. Mshahara ulikuwa umechelewa miezi miwili na mtoto anataka maziwa. Lakini baada ya bahasha ile hakuna swali nililouliza, na hilo linaniuma kuliko fedha yenyewe.

Kwa hiyo ukija, fuata watu wa namna hii, waliozeeka na kazi na bado wana subira ya kukusoma mstari kwa mstari. Ila usije kwa kuuza ardhi. Mbali na ada ya chuo, kuna malipo ya huduma ya afya pauni 776 kwa mwaka, unayalipa kabla viza haijatoka. Omba ufadhili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipa ada, tiketi na posho ya kujikimu kwa mwaka mmoja wa uzamili. Inataka uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, kama miaka miwili hivi, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti. Uzoefu wako sasa ni miezi tisa, hivyo muda unao, na Kisutu kesi zinasikilizwa waziwazi kila siku za kazi.

Nitumie habari tatu ulizozifuata kwa miguu yako, za semina usiniletee. Nitazisoma zote, na Jumapili baada ya kuongea na mwanangu nitakupigia. Uwe na daftari karibu, nitakuuliza mitaa.