Analia bila machozi

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Mwanangu wa kwanza ana wiki tatu. Analia mpaka sauti inakauka, lakini sijaona hata chozi moja. Jirani anasema anadeka tu, nisimzoeze kubebwa. Je, macho yana kasoro? Na hivi machozi ya huzuni ni ya nini?
Mama wa mara ya kwanza, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Macho ya mtoto ni mazima. Yana unyevu wa kuyalinda, ila tezi za machozi, zilizo juu ya jicho upande wa nje, bado changa. Wengi huanza kutiririsha machozi kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu. Wewe angalia nepi, mdomo na utosi. Nepi zikikaa kavu muda mrefu, mdomo ukikauka au utosi ukibonyea, hasa akiwa anaharisha, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usingoje kupambazuke.

Hilo la huzuni nimeliwaza sana. Miaka ya 1980 Mmarekani William Frey alilinganisha machozi ya watu waliotazama filamu ya kuhuzunisha na ya waliokaa karibu na kitunguu. Ya huzuni yalikuwa na protini nyingi zaidi, akadhani mwili unajisafisha. Mimi hilo halijaniingia. Matone machache yatasafisha nini? Namwamini zaidi Ad Vingerhoets, mtafiti wa Uholanzi, anayeona kwamba chozi ni ombi la msaada. Sauti husikika mbali, hata adui anaisikia. Chozi huonwa na aliye karibu tu.

Nimeliona hilo wodi ya wazazi, nilikofanya kazi miaka 26. Usiku mmoja mama aliyepoteza mtoto alilala ameutazama ukuta, kimya, na wenzake wakamwacha wakidhani amelala. Alipogeuka, taa ikamulika mashavu yamelowa. Mama wa kitanda cha pili, aliyepasuliwa juzi yake, alishuka polepole ameshika mshono, akaenda kuketi naye mpaka alfajiri. Hawakuwa wakijuana.

Mwanao kwa sasa ana sauti tu ya kukuitia. Mbebe kila anapolia. Mtoto wa wiki tatu hajui kudeka. Na siku ukiliona chozi la kwanza, niandikie.